Mwalimu Aliyekataa Kumzika Staringi

Alikuwa Mwalimu, na hilo linatosha. Jina lake liko kwa kitambulisho na kwa Mungu. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani sikumwuliza, kwa maana hata mimi sipendi kuulizwa. Nilimjua miaka kumi na tano hivi tukiwa mlango mmoja: yeye ndani ya nyumba ya video pale Noonkopir, Kitengela, mimi nje na jiko langu, chai na chapati. Mtu ukikaa mlangoni kwake muda huo wote, unamjua kuliko mke wake. Mke humwona akirudi amechoka. Mimi nilimwona akifanya ile kazi aliumbwa afanye.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na sauti haikuwa ya mwili ule. Ukiisikia kutoka barabarani ungedhani ndani kuna mtu wa kilo mia. Alivaa koti la kahawia hata jua likiwaka, na akala za matairi miguuni, na kalamu mbili mfukoni ingawa hakukuwa na kitu cha kuandika. Aliwahi kufundisha darasa la nne kabla ya kufungua video, na lile darasa halikumtoka. Siku moja adui amemkaba staringi shingo, watu wote wamesimama, na mwanamume mmoja wa machimbo ya mawe akapiga kelele, "Piga yeye!" Mwalimu akasimamisha muvi. Akaiacha hivyo, staringi macho yamemtoka.

"Mpige," akasema. "Si piga yeye. Semeni wote."

Watu wazima, wachonga mawe na wauza mbuzi, wakasema "mpige" mara tatu, ndiyo akaachilia picha iendelee.

Kwa yule hajawahi kuingia nyumba ya video, wacha nieleze. Ni mabati, viti vya mbao, televisheni kubwa mbele, na pazia mlangoni kuzuia jua. Muvi inakuja na Kiingereza chake, inapunguzwa sauti, halafu Mwalimu anakaa pembeni na kipaza sauti anatuambia kwa Kiswahili nani amesema nini. Staringi ni yule mwenye muvi, yule uso wake uko mkubwa kwa karatasi ya ukutani. Na sheria ya kwanza ya video, ambayo hata mtoto wa kunyonya Noonkopir aliijua, ni kwamba staringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni, lakini hafi. Mwalimu alikuwa anaisema kabla ya kila muvi, kama vile pasta anavyosema tuombe.

Lakini hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anahamisha. Alichukua watu wa muvi akawaleta kwetu, akawapa majina na makao. Kulikuwa na muvi moja ndefu iliyokuja kwa sehemu, sehemu ya kwanza, ya pili, na kuendelea, ya mtu anayelinda daraja ambalo watu wabaya wanataka wavuke waje wamalize nchi yake. Jina la huyo mlinzi la Kizungu lilikuwa kama mtu anapiga chafya. Mwalimu akamwita Lemayian. Binti yake akamwita Naserian. Yule adui mkuu, kwa sababu alikuwa anataka nchi isiyo yake na kila mara alikuja na karatasi, akamwita Dalali.

Hapo Kitengela ilishangilia. Nani hapa hajauziwa ploti ambayo imeshauzwa kwa mwingine? Kila Dalali akitokea, watu walizomea mpaka mabati yakatetemeka. Madalali wenyewe walikuwa wanaingia, wanakaa nyuma kabisa, wananyamaza. Mmoja alikuja kulalamika, akamwambia Mwalimu anaharibia watu kazi. Mwalimu akamwuliza, "Nimetaja jina lako?" Yule akafikiri, akanunua chapati kwangu, akaenda.

Na ile nchi ya daraja, ambayo kwenye muvi ni mahali kweupe, kukavu, hakuna mti, Mwalimu alisema ni huko chini Magadi. Mgeni mmoja kutoka Mwingi, amehamia hapa mwezi mmoja tu, alifunga safari siku nzima kwenda kuona hilo daraja. Alifika Oltepesi akauliza. Wachungaji wakamwelekeza kwa kalvati, lile bomba la maji chini ya barabara. Akarudi amekasirika, akamwambia Mwalimu hilo daraja ni dogo sana kuliko la kwenye muvi. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alimwambia kwenye muvi hulipiga picha wakiwa wamelala chini, ndiyo linaonekana kubwa.

Stima ikipotea, mahali pengine watu hudai pesa zao waende nyumbani. Kwa Mwalimu hakuna mtu alitoka. Aliendelea kusimulia gizani. Ngumi zilipigwa, farasi wakakimbia, Dalali akatoroka akashikwa tena, na sisi tunatazama televisheni nyeusi. Siku moja stima ilirudi baada ya nusu saa na watu wakalalamika kwamba muvi imebaki nyuma.

Alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Ndani ya video alikuwa anahesabu maadui wakianguka kwa furaha ya mtu anayevuna mahindi, lakini kuku wa Krismasi alikuwa ananiletea mimi nimchinjie, anageuka anaangalia upande wa barabara mpaka nimalize. Alikuwa mzee wa kanisa mwenye maombi marefu kuliko mahubiri. Watu kwenye muvi wakianza kubusiana, alisimama mbele ya televisheni na lile koti, akalifungua kama mbawa, akasema, "Hapa wanaongea mambo ya nyumbani kwao." Mambo ya nyumbani kwao yakiisha, alikaa. Alijuaje yameisha na alikuwa ameyapa mgongo? Sijui. Nadhani alihesabu.

Na alikuwa hakubali muvi iishe watu wakatawanyika hivi hivi. Lazima watoke wakae kwenye mabenchi yangu, wanywe chai, waseme. Aliita hilo bunge. Sheria ilikuwa moja: bisha ukiwa umekaa. Anayesimama ameshindwa, kwa sababu kutoka kusimama mpaka kupigana ni hatua moja. Mimi nilipenda bunge hilo kwa sababu ya chai, halafu nikalipenda kwa sababu yake lenyewe. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Hakuna mahali pengine duniani niliwahi kuulizwa, "Mama Mutheu, wewe unaonaje?" na watu wanangojea.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe.

Mwaka wa sehemu ya nne, mvua ilikataa. Ng'ombe walikuwa wanaanguka kando ya barabara ya Namanga mpaka hata fisi walishiba wakaacha. Wafugaji walishinda Kitengela, kwa maana huko nyikani hakukuwa na kitu cha kuangalia isipokuwa mifupa, na Jumamosi mchana waliingia video na shuka zao na fimbo zao, wakajaa mpaka ukutani. Mwisho wa hiyo muvi, Lemayian anasimama katikati ya daraja peke yake. Dalali na watu wake wako upande ule. Analikata daraja akiwa juu yake. Anaanguka nalo. Naserian anapiga magoti ukingoni, anajipaka majivu usoni.

Nilikuwa mlangoni nimeshika pazia. Sijui Kiingereza, lakini maiti haihitaji mkalimani. Yule mtu alikuwa amekufa.

Nikamwona Mwalimu anaangalia nyuso za wale wazee, si televisheni. Halafu ile sauti ikatoka, pole pole.

"Lemayian amehamisha ng'ombe," akasema. "Ameona kiangazi kimezidi. Amemwachia binti boma, yeye amevuka kwenda kutafuta nyasi upande wa Tanzania. Mvua ikinyesha atarudi."

Video nzima ikapumua. Mzee mmoja akasema hata ndugu yake amevuka juzi. Mwingine akasema huko Tanzania pia nyasi ni kidogo, lakini Lemayian ni mjanja. Wakatoka wakanywa chai, na ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kuwaona wakiongea kwa sauti ya watu.

Baadaye, nikiosha vikombe, nilimwambia Mwalimu mimi si mjinga, nimeona. Akasema, "Mama Mutheu, hao wamezika wiki nzima. Niwaongezee maiti moja?"

Shida ya uongo wa namna hiyo ni kwamba una sehemu ya tano. Sehemu ya tano ikaja, na staringi ni Naserian. Msichana ndiye anashika ufunguo wa daraja, analijenga upya, anapigana, na baba haonekani. Mwalimu alifanya ajabu zote. Msichana akiongea peke yake, alisema anampigia baba simu. Akilia, alisema mtandao umekatika. Mvua ilinyesha Kajiado yote, nyasi zikafika magotini, na Lemayian bado hajarudi.

Hapo bunge likagawanyika, na halikuungana tena. Upande mmoja ulikuwa wa baba, na mkubwa wao alikuwa Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mpole mpaka ukimtajia Naserian. Abdi alisema muvi imeharibika, kwamba mwenye boma arudi ashike ufunguo wake, mtoto ampishe, ndiyo tuone muvi. Upande wa pili ulikuwa wa binti, na mkubwa wao, nasema bila aibu, nilikuwa mimi.

"Abdi," nilimwambia, "huyo baba amekaa na ng'ombe miaka. Msichana ameshajua kazi. Akirudi apewe kiti na maziwa, akae kivulini aangalie."

"Walahi Mama Mutheu, wewe unataka kuzeesha Lemayian."

"Nani hazeeki? Wewe unajiona?"

Tulibishana hivyo sehemu ya tano, ya sita, ya saba. Watu waliacha kusalimiana sokoni. Fundi wa upande wa baba alikataa kushona sare ya mtoto wa upande wa binti mpaka mama yake aseme angalau Lemayian alikuwa hodari. Na katikati ya yote, hakuna hata mtu mmoja aliyesema pengine baba amekufa. Hilo halikuwa kwa meza. Mwalimu alikuwa amesema amehamisha ng'ombe.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Mwende, mjukuu wangu. Alikulia kwenye hayo mabenchi, kazi za shule kwa magoti, anasikiliza. Sasa niseme kidogo juu ya Mwende, na si kwa kujigamba. Basi, ni kwa kujigamba. Ni mtu wa kwanza katika watu wangu kuingia chuo kikuu. Alisomea mambo ya maji, namna ya kuyatafuta chini ya ardhi na kuyaleta juu. Siku alipopata barua, Mwalimu aliisoma kwa kipaza sauti kabla ya muvi, na wafugaji wakampigia makofi kwa sababu walijua maji ni nini.

Huko chuoni akakuta wenzake wanabishana. Kumbe hatukuwa peke yetu. Mwende aliniambia dunia nzima inapigana juu ya hiyo muvi, watu wa Ulaya na Amerika wanatukanana kwa simu usiku na mchana, wengine wanaandikia kampuni ya muvi barua iifute sehemu ya tano wairudie. Nilifurahi. Nilikuwa nadhani huo wazimu ni wa Noonkopir tu. Lakini Mwende hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa na wenzake kwenye chakula, wao wanabishana kama baba alistahili kufa vile, yeye akawaambia kwa uhakika, "Hajafa. Amehamisha ng'ombe."

Wakacheka mpaka wengine wakashika tumbo. Wakamwonyesha kwa simu, na Kiingereza chake, na majivu, na maneno ya mazishi. Kuanzia siku hiyo mpaka anamaliza chuo walimwita Ng'ombe.

Alikuja nyumbani likizo hajaweka hata mkoba chini. Alipita jiko langu, akaingia kwa Mwalimu, na mimi nikamfuata.

"Mwalimu," akamwambia, "nilikuwa nakuamini kuliko hiyo muvi yenyewe."

Mwalimu alishika kalamu zake mfukoni, akaziachilia. Mtu huyu alikuwa hana gari, hana ploti, hana mtoto aliye karibu. Kitu alichokuwa nacho Kitengela nzima ni kwamba akisema jambo, limesemwa. Nilimwona anakipima hicho kitu, kwa sababu alijua kinamtoka mkononi.

"Njoo Jumapili baada ya kanisa," akamwambia. "Sehemu ya nane imekuja."

Jumapili watu walijaa mpaka nje. Muvi ikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ambapo Naserian anapanda mlima, na huko juu kuna kaburi la mawe, na jiwe limeandikwa. Mwalimu hakusema kitu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akinyamaza mahali pa kusema. Tukasikia muvi ikiongea na sauti yake yenyewe, Kiingereza na upepo. Akasimamisha picha hapo kwa jiwe. Akaenda akafungua pazia, mwanga ukaingia, akasimama mbele yetu bila kipaza sauti.

"Watu wangu," akasema. "Aliyelala hapo ni Lemayian. Alikufa sehemu ya nne, darajani. Hakuhamisha ng'ombe. Niliwadanganya."

Ungesikia chapati ikigeuzwa. Kisha Abdi, ambaye alikuwa amekaa mbele kama kawaida, akasema, "Mwalimu, tusomee hilo jiwe."

Mwalimu akasoma. Likatoka lile jina la Kizungu, ile chafya.

"Umesikia Lemayian hapo?"

"Lemayian ni jina nililompa mimi, Abdi. Hili ndilo jina lake hasa."

"Hapana. Sisi huyu hatumjui." Abdi akageukia watu. "Mnamjua?"

Watu wakasema hawamjui. Na ni kweli, hawakuwahi kulisikia hilo jina maisha yao. Mzee mmoja akasema pole kwa huyo aliyezikwa, lakini Lemayian yuko na ng'ombe. Wakaanza kucheka, wakapiga makofi, wakasema Mwalimu amechoka, apewe chai. Mmoja huko nyuma akasema kampuni imemnunua. Mwalimu akainua mkono kama anavyoinua darasani, akasema tena, amekufa. Na wale watu, wale aliowafundisha kusema "mpige" wote kwa pamoja, wakamjibu kwa pamoja: "Amehamisha ng'ombe!"

Mwende alikuwa amejifunika uso na skafu.

Alijaribu Jumapili iliyofuata, na ile nyingine. Kila akisema amekufa, wanamwitikia kama kanisani. Hawakuwa wanamchukia, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Walikuwa wanampenda na hawamsikii. Aliniambia, tukiwa wawili tu, "Nilipokuwa mwongo waliniamini. Sasa nimesema kweli, nimekuwa mwongo." Mwezi haukuisha. Viti alipea kanisa, televisheni sijui ilienda wapi, akafunga mlango akaenda Oltepesi kufuga mbuzi. Mimi nilihamisha jiko kando ya duka la dawa za mifugo, na bunge likanifuata, kwa maana bunge hufuata chai.

Mwende alimaliza chuo akapata kazi ya maji hapo Kajiado. Ana ofisi, ana mlango, jina lake limeandikwa mlangoni. Lakini kila nikimtajia Mwalimu, kijiko kinasimama mkononi mwake. "Shosh, mimi ndiye nilimfukuza," alikuwa ananiambia mimi nyanya yake. Nilimwambia mtu mzima hafukuzwi na mtoto, huondoka mwenyewe. Hakuamini, na mimi pia sikuamini sana.

Halafu mwaka huu ikaja sehemu ya tisa, na dunia ikapasuka tena. Wamemrudisha baba. Eti hakufa, alianguka akaangukia ng'ambo, huko nchi ya chini ya daraja, na miaka hii yote alikuwa anatafuta njia. Anatokea mwishoni kabisa, anatembea kwa lile daraja jipya, uso ni ule ule. Mwende anasema huko nje watu wengine wanalia kwa furaha na wengine wanaapa hawataangalia tena. Hapa kwetu Abdi aliingia kwa meza yangu kama mtu ametoka Maka. Alikuwa nayo kwa simu, akawaonyesha watu mmoja mmoja, na akamwuliza kila mmoja, "Nilisema nini?"

Mimi upande wa binti niliumwa moyo. Lakini nilimwambia Mwende, hii muvi sasa imesema alichosema Mwalimu. Akanitazama, akasema ana kisima cha kukagua Oltepesi Alhamisi, nivae viatu vizuri.

Tulimkuta mchana, amechuchumaa, anaziba kwa simiti ufa wa birika la kunyweshea mbuzi. Amekonda zaidi, nywele ni nyeupe zote, koti halipo. Akatuambia sopa, salamu ya Kimaasai, tukamjibu. Akaniuliza magoti, nikamwuliza macho. Kwa Mwende aliangalia kidogo tu, akarudi kwa simiti yake.

Mwende akachuchumaa upande wa pili wa birika na suruali yake nzuri ya ofisi.

"Mwalimu, nimekuja kuomba msamaha. Wamemrudisha. Lemayian hakufa. Ulikuwa sawa tangu mwanzo."

Nilikuwa nangojea acheke. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa hicho kicheko. Mwalimu akaweka mwiko chini, na nikaona amekasirika, amekasirika kabisa, mishipa imesimama shingoni.

"Wameharibu," akasema. "Nilisimama mbele ya watu wangu nikasema amekufa. Sijawahi kusema neno gumu kuliko hilo. Na sasa mmekuja na gari kuniambia hilo nalo ni uongo?"

Mbuzi mmoja akaja kunusa simiti, Mwalimu akamsukuma na kiwiko. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na binti? Wamemfanyaje?"

Mwende akamweleza. Akamwambia Naserian amelinda daraja mpaka sehemu ya tisa, amezeeka usoni, na baba anapotokea yuko pale pale na ufunguo mkononi, na anamwona, na anainamisha kichwa.

"Akainamisha?"

"Aliinamisha, kabisa."

"Akamgusa?"

Mtu wa mbali pengine hataelewa hilo swali, lakini hapa kwetu Umaasaini hata mimi Mkamba nalielewa. Mtoto akikutana na mzee huinamisha kichwa, na mzee humwekea kiganja utosini. Ndiyo salamu. Hata mgeni wa njiani asiye na nyuma wala mbele, mtoto wa mwenyeji akiinama, atamgusa. Kuacha kichwa cha mtoto kimeinama hivyo hewani ni jambo ambalo sijawahi kuliona kwa macho yangu tangu nije Kajiado.

Mwende alifumba macho. Nilijua anaiangalia muvi tena huko ndani, pole pole. Akafumbua.

"Hapana," akasema. "Alichukua ufunguo mkononi mwa binti, akampita."

Mwalimu akasimama. Ile sauti, ambayo nilidhani aliiacha Noonkopir, ikatoka yote, mpaka mbuzi wakainua vichwa.

"Basi huyo si yeye. Ni mtu amevaa uso wake. Baba atoke ng'ambo, akute mtoto wake ameinamisha kichwa, ampite? Lemayian alikufa darajani sehemu ya nne. Nilisema, na nasema tena. Waambieni."

Halafu, kwa sababu Mwende alikuwa bado amechuchumaa hapo chini, uso umelowa, kichwa kimeinama, Mwalimu akapangusa mkono wake wa simiti kwa suruali yake mwenyewe na kumwekea kiganja utosini.

Jumatatu Abdi alikuja kwa chai. Nilimpa kikombe, nikampa habari, neno kwa neno kama nilivyotumwa. Alikataa. Alisema Mwalimu ni mzee na jua la Oltepesi ni kali. Nikamwambia abishe akiwa amekaa. Akakaa, akatoa simu, akaiendesha mpaka mwisho kabisa, pale darajani, akaangalia. Akarudisha akaangalia tena, ameisogeza karibu na pua. Benchi lote lilikuwa linamngojea. Mara ya tatu hakuimaliza. Aliiweka simu mezani, kioo chini.

"Hakumgusa," akasema.

Kisha akavua kofia, akasema yale maneno ambayo Waislamu husema wakisikia mtu amefariki, na mimi nikamshika mkono nikamwambia pole.